Mtoto wa dada yangu anatakiwa alipiwe 450,000 apimwe "kinasaba cha kasi". Wana Tanga naombeni ushauri kabla hela haijatoka

#1 FundiWaNgamiani

Wakuu asalaam aleikum, na wengine habari za jioni.

Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Ngamiani, Barabara ya 9. Mambo ya maabara siyajui, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Dada yangu ana mtoto wa kiume, miaka 13, yupo darasa la saba. Mtoto huyu ana mbio jamani, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mjomba wake. Nikimtuma Makorora kufuata spea anarudi sijamaliza kuziba pancha. Anacheza winga ya kulia pale Tangamano na wenzake.

Wiki mbili zilizopita kaja kijana mmoja uwanjani, trakisuti mpya, begi mgongoni, anajitambulisha kuwa wakala wa kituo cha kukuza vipaji. Jina sitaji, msinifuate faragha kuniuliza. Akawaita wazazi wa watoto sita. Akatoa kichupa, akasema mtoto anatema mate humo, yanatumwa Ulaya, na baada ya wiki sita majibu yanarudi yakisema kama ana kinasaba cha kasi au cha pumzi, na kama amezaliwa kuwa winga, beki au mtu wa marathoni. Wenye majibu mazuri watapelekwa Dar kwenye majaribio.

Kilichonishangaza, kwenye hao sita yumo na kipa wao, mtoto mzito, wenzake wanamwita Gunia. Naye kaambiwa apimwe kasi.

Dada ameshatanguliza laki moja. Iliyobaki anangojea zamu yake ya upatu, Jumamosi ijayo. Nina siku nane za kumzuia au kumwacha. Hiki kitu kipo kweli, au tunapigwa?

#2 KahawaTungu

Mgosi, sisi vinasaba tunavijua kwa kesi za "huyu mtoto si wangu" tu. Hakikisha majibu yakirudi hayaleti uzi mwingine humu.

Naagiza kahawa na kashata, nakaa hapa.

#3 MsambaaWaMlalo

Mnacheka lakini wenzetu wamefika mbali. Mwaka 2014 Uzbekistan ilitangaza mpango wa kupima vinasaba vya watoto ili ijue nani apelekwe mchezo gani. Sisi tunangoja mtoto ajitokeze kama uyoga. Tangu uhuru tuna medali mbili tu za Olimpiki, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000. Miaka arobaini na kitu! Akitokea mtu na teknolojia tunamwita tapeli.

Dada alipe. 450,000 ni hela ya simu ya kichina.

#4 BibiMaabara

Mwanangu Fundi, nipo kwenye kazi ya maabara mwaka wa 19 sasa, hivi sasa nipo upande wa Muheza. Nitaandika kirefu, asiyependa kusoma apite.

Kipimo kipo, hicho si uongo. Karibu vyote vya aina hiyo vinaanza na kinasaba kinachoitwa ACTN3. Kazi yake ni kuuelekeza mwili utengeneze protini fulani inayokaa kwenye nyuzi za misuli za kasi, zile zinazofanya kazi unapochomoka au unaporuka. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Nakala nzima wanaiita R, iliyokatika wanaiita X. Ukirithi X mbili, protini hiyo huna kabisa. Huumwi popote, wala hutajua maisha yako yote. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walipima wanamichezo wao, wakaona wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi wenye X mbili ni wachache mno. Hapo ndipo magazeti yakakibatiza "kinasaba cha kasi", na wafanyabiashara hawakulala.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, wenye X mbili ni kama 18 katika kila 100. Sehemu za Asia wanafika 25. Watafiti walipopima Kenya wakapata kama mmoja katika 100, na kwenye sampuli za Nigeria hawakumpata. Kwa hiyo ukichukua kichupa hicho ukapita nacho Barabara ya 1 mpaka ya 21, ukapima wauza mihogo, waosha magari, bibi zetu na mimi mwenye goti bovu, karibu wote tutaambiwa tuna kinasaba cha kasi. Kijana wenu hawezi kukosea hata akitaka! Ni sawa na mtu akutoze 450,000 akuambie mwanao ana nywele za kipilipili.

Na hata huko Ulaya kwenye tofauti, kinasaba hicho hakifanyi makubwa. Ugiriki walipima vijana wa kiume kwenye mita 40, wakaona kinaeleza kama 2.3% ya tofauti za kasi zao. Hiyo nyingine yote imetoka kwingine. Yupo pia mruka chini wa Hispania aliyefika Olimpiki akiwa na X mbili, yaani kwa hesabu za kichupa angeambiwa mapema akatafute kazi nyingine.

#5 MsambaaWaMlalo

Bibi nakuheshimu, ila usitufiche upande wa pili. Eero Mäntyranta je? Mfini wa mbio za theluji, medali 7 za Olimpiki, 3 za dhahabu. Mwaka 1993 ikaandikwa kwamba alizaliwa na kinasaba kilichoufanya mwili wake utengeneze chembe nyekundu za damu kupita kawaida. Wenzake wanatafuta pumzi, yeye anayo ya akiba. Huo si uthibitisho?

#6 BibiMaabara

Ni uthibitisho kwamba Mäntyranta alikuwa na kinasaba cha Mäntyranta. Walipima ukoo wake, wakakuta jamaa wengi wanacho, na wengi wao hawakuwahi kuwa mabingwa wa kitu. Kitu adimu cha ukoo mmoja kule Ufini hakimwambii chochote mtoto wa Ngamiani.

Chukua urefu, kitu kinachorithiwa kuliko karibu vyote vya mchezo. Mwaka 2022 utafiti wa watu zaidi ya milioni 5 ulitaja sehemu kama 12,000 kwenye vinasaba zinazohusika na urefu peke yake. Elfu kumi na mbili! Na pamoja na hayo yote, ukitaka kujua urefu wa mtoto unaazima futi ya fundi cherehani. Mbio zina urefu ndani yake, zina moyo, mapafu, kano, chakula, usingizi, hamu na kocha. Halafu mtu anakuuzia kinasaba kimoja au kumi.

Yupo mtafiti, Yannis Pitsiladis, aliyekusanya sampuli za wakimbiaji wa Kenya, Ethiopia na Jamaica kwa miaka mingi. Kwenye ACTN3 wakimbiaji wa Jamaica hawakutofautiana na Wajamaica wa kawaida mtaani. Wakenya vivyo hivyo. Mwaka 2015 jopo la wataalamu, naye akiwemo, walikaa wakahesabu kampuni 39 zinazouza vipimo hivi, wakaandika kwamba havina nafasi katika kutafuta vipaji na kwamba watoto wasipimwe kwa kazi hiyo.

#7 KahawaTungu

Nywele za kipilipili 😂😂 Bibi umemaliza. Mhudumu, ongeza kashata.

#8 KochaWaMchangani

Nafundisha watoto mwaka wa 14 huu hapa mjini, chandimu mpaka ndondo. Huyo kijana na mimi kanifuata, ananipa asilimia kwa kila mtoto. Nilikataa, lakini si kwa elimu ya Bibi. Nilikataa kwa sababu sikupenda alivyomwangalia Gunia.

Nisemacho ni hiki. Miaka 13 ndiyo umri mbaya kuliko wote wa kuchagua. Mmoja ameshavunja sauti, kifua kimetanuka, mwenzake bado mtoto, na wote wamezaliwa mwaka mmoja. Yule aliyetangulia kubalehe anawapita wote, tunapiga makofi, tunasema kipaji. Akifika 17 wenzake wamemfikia, na yeye hajajifunza kitu zaidi ya kusukuma mpira mbele na kuukimbilia. Hapo sijawataja vijeba wetu wa miaka 19 wenye cheti cha 15. FIFA wenyewe waliamua mwaka 2009 kupiga picha mifupa ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17, wajue umri.

Niliwahi kumwacha mtoto mdogo wa mwili, mwaka wa pili wangu wa kufundisha. Nilimwambia rudi ukikua. Alikua, ila hakurudi kwangu. Nimemwona ligi kuu, uwanja wa Mkwakwani, mimi nikiwa jukwaani na tiketi nimenunua. Huyo angepimwa chochote siku ile, nisingemwona vilevile, maana tatizo lilikuwa macho yangu.

Na kuhusu medali, Msambaa, si umeona Tokyo Septemba 2025? Alphonce Simbu kachukua marathoni ya dunia kwa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros naye kaandikiwa 2:09:48. Tofauti ni sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Kabla ya hapo alikuwa na shaba ya London 2017, alikuwa wa tano Rio 2016, wa pili Boston mwaka huohuo wa dhahabu. Miaka tisa mtu anakimbia. Kichupa kipi kingemwona Ikungi akiwa na miaka 13, kimwambie vumilia mpaka 33?

#9 MsambaaWaMlalo

Hapo kwa Simbu sina neno. Ila sijakubali yote.

Nauliza: si hukohuko Tokyo wanariadha wa kike walipimwa vinasaba? Kama ni upuuzi mbona Riadha ya Dunia wanavitumia?

#10 BibiMaabara

Swali zuri. Kile ni kinasaba SRY, kinachokaa kwenye kromosomu Y, ile ambayo kwa kawaida wanayo wanaume. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 anayetaka kushindana kwa wanawake kwenye mashindano yao ya dunia lazima awe amepimwa mara moja maishani, kwa mate ya shavuni au damu. Hakiulizi nani ana kipaji, kinauliza nani aingie kundi lipi, na ugomvi wake ni mkubwa na wa zamani. Olimpiki walianza kupima wanawake kwa mfumo mwaka 1968 kule Mexico, wakaacha kabla ya Sydney 2000. Katikati hapo, mwaka 1985, María José Martínez-Patiño wa Hispania, mruka viunzi, alikataliwa kwa kipimo cha kromosomu, akaumbuliwa magazetini, akapambana mpaka akarudishiwa haki yake. Uzi huo tuufungue siku nyingine, humu tutagombana bure.

#11 WakiliChumbageni

Napita haraka. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Muulizeni huyo kijana kibali chake cha kuchukua sampuli za watu. Ipo na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mate ya mtoto yana habari zake, za mama yake na za wajukuu watakaozaliwa. Laini ya simu unabadilisha, vinasaba hubadilishi. Nani anabaki nayo hayo majibu? Akikujibu "tutawasiliana", ondoka.

#12 MamaNuru

Nimesoma yote tangu asubuhi nikiwa sokoni. Kaka Fundi, samahani nakuuliza kitu kingine kabisa. Huyo mtoto amepimwa selimundu?

Nakuuliza kwa sababu. Mimi na mume wangu wote tuna AS, yaani tumerithi S moja tu ya selimundu, na hatukujua. Tulijua mtoto wetu wa kwanza alipofika miezi tisa, vidole vimevimba, analia usiku kucha. SS, yaani S mbili, ugonjwa wenyewe. Nimelala naye wodini mpaka nimezijua nyufa za dari. Wa pili alizaliwa AS, mzima, anacheza mpira, nikajua huyu kaponea. Akiwa na miaka 15 wakamchukua kambi ya majaribio, sitaji ya nani. Walikimbizwa saa saba mchana mwezi wa pili, jua la Tanga mnalijua. Akasema miguu inakaza, wakamwambia acha uvivu. Akaendelea. Alirudi nyumbani anakojoa mkojo rangi ya kokakola, akalazwa siku kumi na moja, figo zilikuwa zinataka kugoma.

Mpaka leo anacheza. Ila hakuna mtu aliyekuja kuniuzia kichupa cha hilo.

#13 BibiMaabara

Dada MamaNuru, pole sana. Nimekuwa nikiandika kasi kasi kasi nikaruka hilo, na ndilo ningepaswa kuanza nalo.

Jamani, kipimo cha vinasaba chenye maana kwa mwanamichezo wa Pwani ni hicho. Selimundu na malaria ni mtu na kivuli chake: palipokuwa na malaria nyingi ndipo wenye S moja walipobaki wengi, kwa sababu S moja humkinga mtoto na malaria kali. Anthony Allison alilionyesha hilo hapahapa Afrika Mashariki mwaka 1954, na Muheza ninakoishi malaria imekuwa mwenyeji kuliko sisi. Nchini kwetu wenye AS hutajwa kuwa kati ya 13 na 20 katika kila watu 100, na kila mwaka huzaliwa watoto kama 11,000 wenye SS.

AS si ugonjwa, mtu wa AS acheze. Ila akisukumwa kupita kiasi kwenye joto, bila maji na bila kupumzika, misuli inaweza kuvunjika na uchafu wake ukaziba figo. Ndiyo ile kokakola. Kule Marekani, Dale Lloyd, miaka 19, mchezaji wa chuo kikuu cha Rice, alianguka mazoezini Septemba 2006 baada ya mbio 16 za yadi 100, akafa kesho yake. Alikuwa AS. Kuanzia 2010 vyuo vya daraja la kwanza la michezo kule vikatakiwa kujua hali ya kila mchezaji. Lakini someni na hili: mwaka 2016 ulitoka utafiti wa askari weusi karibu 48,000 wa jeshi la Marekani. Wenye AS hawakufa zaidi ya wenzao, japo hatari ya misuli kuvunjika ilikuwa juu kwa 54%. Jeshini kule kila mtu ana utaratibu wa maji na kupumzika. Huenda maji yale ndiyo yaliyowaokoa.

Mkienda hospitali ombeni kipimo kinachotenganisha AA (asiye na S), AS na SS. Kile cha zamani cha kuangalia chembe zikijikunja chini ya darubini kinasema tu S ipo, hakisemi ni moja au mbili. Damu ni tone la kidole.

Na moyo. Mtoto aliyewahi kuzimia akikimbia, au mwenye ndugu wa damu aliyekufa ghafla kijana, apimwe moyo kabla ya chochote. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon, Juni 2003, miaka 28, akafa, na uchunguzi ukakuta misuli ya moyo imenenepa. Ugonjwa huo mara nyingi hurithiwa. Italia tangu 1982 kila anayeshindana lazima apimwe, pamoja na umeme wa moyo, na mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kwa 89% kufika 2004.

#14 KochaWaMchangani

Nimesoma #12 na #13 mara tatu.

Mimi huwa nawaanzisha mazoezi saa tisa mchana ili wawahi kurudi nyumbani. Anayechelewa namzungusha uwanja na namnyima maji mpaka amalize. Nilifundishwa hivyo na mimi nikafundisha hivyo, nikidhani ndiyo nidhamu. Nimekaa nahesabu sura zao mmoja mmoja, yupi aliwahi kuniambia miguu inakaza.

Kuanzia kesho ni saa kumi na moja. Ndoo ya maji nanunua mwenyewe.

#15 KahawaTungu

Kocha, ndoo mbili. Ya pili naleta mimi, na leo sitanii.

#16 FundiWaNgamiani

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita.

Dada nilimsomea uzi wote, nikimrukia yale ya KahawaTungu. Alinuna. Akasema nyie hamtaki mwanangu atoke. Kilichomgeuza ni MamaNuru. Jumanne tukaenda hospitali, dada, mtoto na mimi, tukatobolewa vidole. Mtoto AS. Dada AS. Mimi AS pia, na mchumba wangu sijui chake, leo usiku nina maongezi.

Mtoto aliuliza swali moja tu: "Mjomba, kwa hiyo nacheza?" Nesi kamjibu anacheza, anywe maji, akisikia miguu inakaza akae chini hata kama kocha anapiga kelele. Kaenda kumwambia kocha mwenyewe.

Laki moja ya dada haijarudi. Simu inaita, haipokelewi. Hela ya upatu tumemnunulia njumu na iliyobaki imekwenda ada ya mdogo wake.

Wazazi watatu wengine wamelipa lakini. Nilijaribu.

#17 MsambaaWaMlalo

Fundi, mimi ndiye niliyesema dada alipe. Nifute.

#18 FundiWaNgamiani

Naufufua uzi. Majibu ya wale watatu yamerudi toka Ulaya, karatasi za rangi, zina picha ya mtu anakimbia. Wote watatu wana kinasaba cha kasi. Sasa wanaambiwa kuna ada ya usajili kabla ya Dar.

#19 BibiMaabara

Watatu kati ya watatu. Sikushangaa.

#20 KahawaTungu

Ngoja kwanza. Na Gunia yumo?

#21 FundiWaNgamiani

Gunia yumo. Kaandikiwa winga.